Kupasha Mwili Moto Ukiwa na Jeraha: Anzia Mbali na Maumivu

Mtu akitegua kifundo cha mguu au akivutika msuli wa paja, kitu cha kwanza kukiacha huwa ni kupasha mwili moto. Atakuambia siku hizi anafanya mazoezi "kidogo tu", basi maandalizi ya nini? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Nakuru, na maneno hayo nayasikia kwa vijana wa mpira, kwa akina mama wanaopanda Menengai wikendi, hata kwa wazee walioambiwa na daktari watembee ili sukari ishuke. Wote nawajibu hivi: mwenye jeraha anahitaji kupasha mwili kwa muda mrefu kuliko mzima. Tofauti ni namna. Haruki, havuti kiungo kwa nguvu, na anaanzia mbali na mahali panapouma.

Kabla ya hayo, kuna watu ambao hawafai kuanza kabisa. Kama umejitegua na huwezi kutembea hata hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo kwa nyuma au kwenye ncha yake unaruka kwa uchungu, nenda ukapigwe eksirei. Hizo ni sehemu ya kanuni ambazo madaktari wa Ottawa, Kanada, walizichapisha mwaka wa 1992, na bado tunazitumia kwa sababu zinafanya kazi. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma bila sababu unayoijua, usilikande wala usilifanyishe mazoezi. Huenda ni damu iliyoganda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile siku mbili tatu za kwanza, uvimbe ukiwa bado unapanda, mguu uachwe utulie.

Walio nje ya hayo, tuendelee.

Ndani ya goti, kifundo na nyonga kuna ute unaolainisha msuguano wa mifupa. Ute huo ni kama uji ulioachwa ukapoa: ukitulia unakuwa mzito, ukikorogwa unalegea. Kinachoukoroga ni mwendo, hata mwendo mdogo usio na uzito juu yake. Msuli nao ukipata joto hujikunja na kuachia haraka zaidi, na ujumbe wa neva husafiri kwa kasi zaidi. Jambo hili la mwisho lina maana kubwa kwa aliyejitegua, kwani kifundo kilichoumia huchelewa kuhisi kwamba kinapinda. Na hapa kwetu usisahau hali ya hewa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai mtu huamka na magoti yaliyokakamaa. Jamaa zetu wa Kisumu, kule ziwani kwenye mita 1,130 hivi, dakika nane zaweza kuwatosha. Huku juu mimi huwaambia watu wangu wafike dakika kumi na tano, na wavae sweta hadi jasho jembamba litokee.

Tuseme ni kifundo cha mguu wa kulia, jeraha la wiki mbili. Keti kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani. Nasisitiza ukuta kwa sababu viti vya plastiki huteleza sana kwenye vigae, na sitaki uje kwangu na mkono uliovunjika. Vua soksi. Anza na mikono: piga ngumi za hewani, mbele na juu, ukivuta pumzi vizuri, huku ukiinua goti la kushoto na la kulia kana kwamba unapiga gwaride umeketi. Endelea dakika nne au tano. Moyo unaposukuma damu kwa kasi, damu hiyo inafika hata kwenye mguu ambao hujauwekea uzito. Unatakiwa kuweza kuongea lakini ushindwe kuimba.

Halafu sogea karibu. Nyoosha goti la kulia mbele polepole, lirudishe. Kisha kifundo chenyewe: vidole juu, vidole chini, mara ishirini hivi, bila kulazimisha mwisho wa mwendo. Kuzungusha mguu duara kubwa, ambako watu wanakupenda sana, ngoja kwanza. Duara hilo linavuta kano za upande wa nje, ambazo ndizo huumia mara nyingi mtu anapojitegua.

Sasa inakuja sehemu ninayoiamini kuliko zote: kukaza msuli bila kusogeza kiungo. Weka upande wa nje wa mguu dhidi ya mguu wa meza nzito au ukuta, sukuma kwa nusu ya nguvu zako, hesabu hadi kumi, achia. Rudia mara tano. Msuli unafanya kazi na kupata joto, na kiungo hakijasogea. Mwenye goti anaweza kuketi sakafuni mguu ukiwa umenyooshwa, akaweka taulo lililokunjwa chini ya goti na kulibonyeza. Aliyevutika msuli wa nyuma ya paja alale chali, akunje goti, abonyeze kisigino kwenye mkeka.

Mwisho simama, shika sinki au kizingiti cha dirisha, hamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, inua visigino vyote viwili kwa pamoja, kisha tembea ndani ya nyumba au kwenye varanda ya ploti. Majirani wa chini hawatasikia chochote. Hakuna kamba, hakuna kuruka huku unatanua miguu.

Sasa pima. Maumivu yakipewa alama kutoka 0 hadi 10, Roland Thomeé, mtaalamu wa fiziotherapia wa Sweden, alipendekeza mwaka wa 1997, kwa wagonjwa wa goti, kwamba hadi 5 yanavumilika mradi yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata. Kwa mtu aliye peke yake nyumbani mimi ni mkali zaidi: ikizidi 3, siku hiyo huendi uwanjani. Angalia pia mwelekeo. Maumivu yanayopungua kadiri unavyopata joto ni ishara nzuri kwa sasa, lakini kesho asubuhi ndiyo yenye neno la mwisho. Yanayopanda dakika kwa dakika yanakukataza.

Ndiyo maana sipendi mtu ameze dawa ya maumivu au aweke barafu muda mfupi kabla ya kuanza. Ukiufisha mguu ganzi, kipimo chako kinadanganya. Dawa za kuchua nazo, zile zinazowasha na kunuka chumba kizima, huchangamsha ngozi tu; msuli ulio chini bado haujaamka. Jipake kama inakufariji, lakini usizihesabu.

Kuhusu kujinyoosha: kuvuta msuli na kuushikilia zaidi ya dakika moja hupunguza nguvu zake kwa muda, na msuli uliochanika ukivutwa unaweza kuchanika zaidi. Kuache hadi baada ya mazoezi, na kwa jeraha bichi kuache kabisa. Vijana wa mpira huniuliza pia kuhusu FIFA 11+, ule mpango wa wanasoka wa kupasha mwili moto kwa dakika ishirini hivi. Ni mzuri sana wa kuzuia majeraha, nami huwahimiza makocha wautumie, ila una kukimbia na kuruka. Umetengenezwa kwa aliye mzima.

Wenye bega au mgongo hufuata utaratibu uleule kwa kugeuza: bega likiuma, joto litoke miguuni, kwa kutembea au kuketi na kusimama kwenye kiti. Mgongo ukiuma, tembea kwanza, kukunjama kuje baadaye.

Na siku kipimo kikikataa? Mwili umeshapata moto, usiupoteze. Mwaka wa 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Edward Scripture na wenzake walionyesha kwamba ukifundisha mkono mmoja, hata ule mwingine hupata nguvu kiasi. Miguu nayo iko hivyo. Kwa hiyo inua kisigino cha mguu mzima ukiwa umeshika dirisha, seti tatu za kumi na mbili, fanya mazoezi ya tumbo na mikono, kisha kesho rudia ngumi za hewani kwenye kiti na upime upya.