Jipya kwa nani, mwalimu?

Juzi mwalimu mmoja wa Njoro aliniletea Nissan Note aliyopewa yadini, pale wanapouzia magari, aijaribu. Ndani bado inanukia ile dawa wanayopuliza kwenye viti. "Fundi, nithibitishie tu, hili ni jipya." Nikamuuliza, "Jipya kwa nani, mwalimu?" Akacheka, lakini mimi sikuwa natania. Hapa Nakuru tukisema gari jipya, mara nyingi ni gari ambalo Mjapani ameshalichoka. Limekimbia huko miaka sita au saba, likavuka bahari, likapigwa namba ya K, yaani ya Kenya, likabatizwa upya.

Kwa hivyo mtu akiniuliza anunue jipya au lililotumika, huwa nayagawa mafungu matatu: la shorumu lenye kilomita sufuri, la kutoka Japani, na la hapa, yaani lililokwisha kutumika Kenya.

La shorumu silitolei maneno mengi. Kama pikapu yako inabeba maziwa kutoka Molo kila alfajiri, siku moja gereji ni maziwa yamemwagwa na mteja ameenda kwa mwingine. Hapo nunua mpya ukiweza, ila uliza kwanza bei ya sevisi, maana ukianza kunijia mimi kabla waranti haijaisha, unaweza kuipoteza. Kama gari ni la kwenda kazini na kanisani, sikushauri. Mwaka wa kwanza ndio hushusha bei ya gari kuliko mwaka wowote, na hasara hiyo ni yako peke yako.

La Japani ndilo watu wengi hawalielewi. Sheria inataka lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko. Kisha kuna kodi, na kodi hizi hupandiana mgongoni. Chukua gari la injini ndogo, isiyozidi cc 1500. Kwa kila shilingi 100 ya thamani iliyokadiriwa na KRA, mamlaka ya mapato, ushuru wa forodha ni asilimia 35, unafika 135. Juu ya hiyo 135 unawekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, unafika 162. Juu ya 162 inakuja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, na sasa uko karibu 188. Hapo bado ada ndogo ndogo na faida ya mwenye yadi. Na thamani hiyo haifuati bei uliyomlipa Mjapani. KRA huanza na bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya, kisha hupunguza kwa umri.

Ndiyo maana mimi huwa navutwa na gari la hapa. Kodi ile alishailipa mwenzako, na sehemu yake imeshayeyuka mikononi mwake. Isitoshe, mashimo yetu yameshalipima. Bushi, zile raba za kwenye maungio ya magurudumu, iliyohimili barabara za kuingia Subukia imetoa ushahidi wake.

Lakini gari la hapa nalo lina siri zake, na muuzaji ana wimbo wake: "Lilikuwa la mama, alikuwa akienda nalo sokoni tu." Huyo mama angekuwa na magari yote ninayoambiwa ni yake, angekuwa na yadi kubwa kuliko zote Nakuru.

Mimi mwenyewe, fundi, nimeumwa. Baada ya mafuriko ya 2024 niliona Toyota Fielder Kisumu, bei ikanichekea. Nililisikiliza injini, nikalizungusha kidogo, nikalipa. Wiki ya tatu taa ya ereibegi ikawaka, honi ikaanza kulia yenyewe usiku. Nikang'oa kapeti. Chini yake tope laini lilikuwa limekauka kama unga, na viunganishi vya waya vimeota ukungu wa kijani. Nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, ile sehemu ambayo huwa imejikunja ndani, nikakuta mstari wa maji umechorwa pale sawasawa. Muuzaji alikuwa ameosha kila kitu isipokuwa kile asichokiona. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua boneti, navuta mikanda yote minne.

Kilomita za dashibodi siziamini, zinarudishwa nyuma. Naangalia raba ya pedali ya breki. Ikiwa dashibodi inasema 60,000 na raba imelainika kama sabuni iliyotumika, naiamini raba.

Tukarudi kwa Note ya mwalimu. Nikaipandisha jeki, na chini kulikuwa na kutu iliyokula mpaka vifungo vya bomba la ekzosi. Kutu ya namna hiyo si ya Nakuru. Kaskazini mwa Japani, kule Hokkaido, hunyunyiza chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hupanda chini ya gari. Halafu tukatoka nayo, tukapandisha Milimani kuelekea Menengai. Note hiyo ina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za kawaida bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na mafuta yake ni ya kipekee. Mtu akiiwekea mafuta ya giaboksi ya kawaida, mkanda huanza kuteleza. Kwenye tambarare hutajua. Kwenye mlima ule injini ilipiga kelele, gari likatetemeka, mwalimu akashika mlango.

Nilimwambia mambo mawili. Akiwa na 900,000 atafute gari la 750,000, zinazobaki ni za matairi, mafuta na bushi. Na kabla ya kutuma hata shilingi, aombe rekodi ya gari ya NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, aone kama jina ni la huyo anayeuza na kama hakuna benki iliyolishikilia.

Note aliirudisha. Bado hajanunua, na kila Ijumaa hunitumia picha ya gari lingine kwa WhatsApp. La jana ni Toyota Probox, limeoshwa mpaka injini inang'aa kama sufuria ya harusi. Nimemjibu amwambie mwenye gari aliendeshe siku mbili bila kuliosha, ndipo nije nione mafuta yanavujia wapi.