Primitivo ya baridi na ubishi wa barazani

"Kijana, mbona umeniletea mvinyo mwekundu baridi kama soda?" Mzee mmoja aliniuliza hivyo Jumamosi, chupa ya Primitivo kaishika shingo. Alitaka iachwe mezani mpaka ipate joto la chumba. Ni mteja wa tatu mwezi huu, na mmoja wao alikuwa Mwitaliano, maana hapa Malindi hao hawakosekani.

Joto la chumba kipi, jamani? Kauli hiyo ni ya Ulaya ya zamani, ya nyumba za mawe ambamo chumba cha kulia kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Baraza letu saa mbili usiku linafika 28. Primitivo nayo ni zabibu ya Puglia, kule kwenye kisigino cha Italia. Jina lake linatokana na kuwahi kuiva: huvunwa tangu Agosti, sukari imeshajaa tele, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka alkoholi. Kwa Primitivo di Manduria, ile ya eneo la Manduria huko Puglia, sheria haitaki ipungue asilimia 13.5, na chupa nyingi zimeandikwa 14 au zaidi. Mvinyo wa nguvu hizo ukipata joto, pua inakutana na alkoholi kabla ya kitu kingine chochote. Plamu, cheri nyeusi na ule ukali mdogo wa viungo, vyote ulivyovilipia, vinafunikwa.

Sikubishana na mzee. Nilimmiminia glasi mbili, moja ya chupa yake, nyingine ya chupa iliyoshinda kaunta. Hiyo ya pili aliinusa mara moja, akarudisha kichwa nyuma kama aliyefunguliwa mkebe wa rangi. Kisha akaivuta ndoo ya barafu upande wake.

Kwa hiyo: ndoo ya barafu na maji, robo saa. Maji msiyasahau, barafu tupu haiigusi chupa sawasawa. Kama huna ndoo, friji saa moja na nusu. Mimina theluthi ya glasi tu, itapata joto mkononi kabla hujaimaliza.

Wengine huniambia Primitivo ni tamu. Harufu ya matunda yaliyoiva ndiyo inayowadanganya. Baadhi huachiwa sukari kidogo, lakini tamu hasa ni Dolce Naturale. Imeandikwa kwenye lebo, someni. Na yale machozi yanayoteremka ndani ya glasi si dalili ya ubora, ni alkoholi inavyovukiza. Basi.

Eti mwekundu hauendi na samaki? Changu wa kuchoma na ndimu, sawa, nitakupa mweupe. Ila Salento, huko huko Puglia, pweza hupikwa taratibu ndani ya chungu na nyanya, na pweza wa namna hiyo anaipokea Primitivo vizuri sana. Kondoo wa kuchoma pia, na orecchiette, zile tambi za umbo la sikio, zenye mchuzi wa nyama. Mbuzi choma wetu sina ugomvi naye hata kidogo.

Ugomvi wangu ni pilipili. Alkoholi huuchochea ule moto, na moto nao huufanya mvinyo uonekane mchungu. Ukiagiza mishkaki na Primitivo kwenye meza yangu, kibakuli cha pilipili nitakiweka mbali kidogo na mkono wako, na ukikiomba nitajifanya sijasikia mara ya kwanza.