Je, wajua kwa nini anayeongoza duru ya kwanza huweza kuangushwa duru ya pili?

Dodoma, Julai 1995. Mkutano Mkuu wa CCM unamtafuta mgombea urais, na nchi inajiandaa kwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi. Matokeo yanasomwa: Jakaya Kikwete 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Kwa mtu aliyezoea kuchagua mwenyekiti wa kitongoji, hapo shughuli imekwisha, kwani aliyeongoza kaongoza kwa kura 75. Kumbe bado. Kura ikarudiwa kati ya wawili wa juu, na safari hii Mkapa akapata 686, Kikwete 639.

Kila chama kinapoingia kwenye uchaguzi wa ndani, hadithi hii huibuka upya vijiweni, na mara nyingi husimuliwa kwa mkato: "Jina lake lilikuwa limeshapita, wakamgeuzia kibao." Ukichukua kalamu, hesabu inaeleza mengi zaidi.

Jumlisha kura za duru ya kwanza: 1,329. Sharti lilikuwa mshindi avuke nusu, yaani afikishe walau 665. Kikwete alipungukiwa na 131. Maana yake ni kwamba ndani ya ule ukumbi walikuwamo wajumbe 795 ambao chaguo lao la kwanza lilikuwa mtu mwingine. Ile 534 ndiyo iliyoshangiliwa, ila ya kuitolea macho ilikuwa 795.

Msuya alipotoka, kura zake 336 zikabaki bila mwenyewe. Duru ya pili Mkapa akaongeza 227, Kikwete akaongeza 105, na nne hazikuonekana kwa yeyote. Kura ni siri, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba hakuna aliyehama kambi nyingine, lakini mizani ya jumla inasoma hivyo: katika kila kura tatu za Msuya, mbili hivi zilikwenda kwa Mkapa. Tofauti ya mwisho ilikuwa 47. Wajumbe 24 tu wangebadili mawazo, tungekuwa tunasimulia mengine. Watu 24, hata Coaster moja hawaijazi.

Kwa nini zielekee huko? Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba anamtaka Mkapa, na neno lake lilikuwa zito hata baada ya kustaafu. Lakini angalia: uzito huo haukutosha kumpa Mkapa ushindi wa moja kwa moja, maana duru ya kwanza alikuwa wa pili. Ulifanya kazi pale mjumbe aliyempoteza mtu wake alipolazimika kuchagua tena. Pia tazama umri. Msuya alikuwa na miaka 64 na ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu; Mkapa alikuwa na 56, Kikwete 44. Aliyekuwa amempa kura yake mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi serikalini, njia ya kwenda kwa Mkapa ilikuwa fupi kuliko ya kwenda kwa kijana. Hilo la umri ni kisio langu, lichukue kama kisio.

Watanzania wengi hupata taabu na hesabu hii kwa sababu uchaguzi wetu mkuu hauna duru ya pili. Sharti la rais kuvuka nusu liliondolewa kwenye Katiba mwaka 2000. Sasa anayezidi wenzake, hata kwa kura moja, ndiye. Wakenya wamezoea zaidi lugha ya "asilimia 50 na moja", ila nao yaliwakuta Addis Ababa tarehe 15 Februari 2025, kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Duru ya kwanza Raila Odinga aliongoza kwa kura 20, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti 18, Richard Randriamandrato wa Madagascar 10. Kule sharti ni theluthi mbili. Ilipofika duru ya saba, Youssouf akatangazwa mshindi kwa kura 33.

Kituko kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kufuatilia ni cha chama cha Conservative cha Uingereza, Oktoba 2024. Utaratibu wao ni wa mchujo: wabunge wa chama wanapiga kura, wa mwisho anatoka, wanapiga tena, hadi wabaki wawili, kisha wanachama wa kawaida nchi nzima wanachagua kati ya hao. Tarehe 8 Oktoba James Cleverly aliongoza kwa kura 39, akifuatwa na Robert Jenrick 31, Kemi Badenoch 30 na Tom Tugendhat 20. Tugendhat akatoka, kwa hiyo palikuwa na kura 20 za kugombania. Kesho yake: Badenoch 42, Jenrick 41, Cleverly 37. Wapigakura ni walewale 120, na aliyeongoza jana hakuambulia hata moja ya nyongeza; alipungua mbili, akawa nje. Tafsiri iliyosikika sana ni kwamba baadhi ya watu wake walijua, au walidhani wanajua, kwamba mtu wao kashapita, wakapeleka kura kwingine ili wamchagulie mpinzani mwepesi wa fainali. Ujanja ukawageukia. Badenoch ndiye aliyeibuka kiongozi.

Miaka miwili kabla, chama hichohicho kilionyesha mtego mwingine. Rishi Sunak aliongoza duru zote tano za wabunge, akamaliza na 137 dhidi ya 113 za Liz Truss. Kura zilipohamia kwa wanachama, Truss akapata 81,326, Sunak 60,399. Hapo hakuna kura za yatima zilizogawanywa. Waliobadilika ni wapigakura wenyewe. Uwanja wa wabunge na uwanja wa wanachama ni viwili tofauti, sawa na Kamati Kuu na Mkutano Mkuu kwetu.

Kwa hiyo ukifuatilia uchaguzi wa chama chochote, swali la "nani anaongoza" liweke pembeni kidogo. Uliza kwanza sharti la ushindi ni lipi, na je, anayepiga kura leo ndiye atakayepiga kesho. Halafu mtazame anayeburuza mkia, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye mwenye mtaji wa kuamua. Akitoka, kamera zote humkimbilia mshindi wa duru. Mimi humwangalia nani kaenda kumpa mkono yule aliyetoka.

Wakati mwingine mkia huo haupo kabisa. Chadema walipochagua mwenyekiti Januari 2025, kura zikahesabiwa hadi alfajiri, Tundu Lissu alipata 513, Freeman Mbowe 482, na Charles Odero moja. Nusu ya jumla hiyo ni 498. Lissu aliivuka kwa 15 tu. Kura ya Odero isingemsaidia mtu.

Na Kikwete? Alirudi Dodoma miaka kumi baadaye, mwaka 2005, akiwa waziri wa mambo ya nje. Salim Ahmed Salim 476, Mark Mwandosya 122, ukiwajumlisha wote wawili unapata 598. Yeye peke yake alikuwa na 1,072, na masanduku hayakurudishwa mezani.