Kutambua kwa Mkono: Nani Alichora Katuni za Wakati wa Vita?

Ukipokea bahasha kutoka kwa mtu unayemfahamu vizuri, huhitaji kugeuza nyuma kutafuta jina la mtumaji. Ile "k" yenye mguu mrefu au ile "a" isiyofungika imeshakwambia. Umeujua mwandiko. Kwa wapenzi wa vitabu vya katuni vya zamani, kazi hiyohiyo ndiyo naiita hapa kutambua kwa mkono: kumjua aliyechora ukurasa, aliyeutia wino au aliyeandika herufi zake kwa kuusoma ukurasa wenyewe, pale ambapo jina lake halikuchapishwa popote.

Dhana hii ina kazi nyingi zaidi katika katuni za Marekani za miaka ya Vita Kuu ya Pili. Vitabu hivyo viliuzwa kwa senti 10, na wachapishaji wengi hawakuwa na wachoraji wa kutosha ofisini. Walinunua kurasa zilizokamilika kutoka karakana za nje, kama ile ya Will Eisner na Jerry Iger, ya Harry Chesler, au Funnies, Inc. ya Lloyd Jacquet. Humo ukurasa ulipita mikononi mwa watu kadhaa: mmoja alichora kwa penseli, mwingine akaandika herufi, wa tatu akatia wino, na kijana aliyeanza kazi juzi akajaza majengo ya nyuma na kufuta penseli. Malipo yalihesabiwa kwa ukurasa, na mchapishaji alibaki na haki zote. Jina la fundi lilikuwa la nini? Kampuni ya uchapishaji ya Fiction House hata iliweka juu ya hadithi zake majina ya kubuni, ambayo yaliendelea kusimama pale hata mchoraji alipobadilishwa.

Mgeni wa mambo haya hukimbilia saini, na mimi ningesema saini ndiyo ushahidi wa kutiliwa shaka kwanza. Batman alichapishwa kwa jina la Bob Kane mwaka hadi mwaka, huku kurasa nyingi zikichorwa na Jerry Robinson, Dick Sprang na wengineo. Bill Finger, aliyeandika hadithi za mwanzo na kusaidia kumbuni mhusika huyo, alifariki mwaka 1974; kampuni inayomchapisha Batman ilikubali kumtaja rasmi mwaka 2015. Katuni ya The Spirit nayo iliendelea kuchapishwa kwa jina la Eisner baada ya yeye kuitwa jeshini mwaka 1942, ilhali waliokuwa wakiichora ni watu kama Lou Fine na Jack Cole. Saini ilikuwa chapa ya biashara. Ilikwambia bidhaa ni ya nani, haikukwambia nani alikaa mezani.

Basi jicho litazame wapi? Katika karne ya 19, Mwitaliano Giovanni Morelli, aliyesomea udaktari, alitoa jibu kwa michoro ya kale ya kwao, na linafaa hapa pia: usitazame uso wa mhusika mkuu, tazama sikio na kucha. Uso wa shujaa ndio kila mchoraji alitakiwa auige, kwa hiyo hauna siri. Lakini hakuna mhariri aliyemwambia mtu namna ya kuchora tundu la sikio, mkunjo wa suruali kwenye goti, moshi wa bunduki, au kidole gumba kikiwa kimeshika usukani. Hapo mkono hujiendea kwa mazoea, na mazoea hayafichiki kirahisi.

Kuna mitego. Vijana wa karakana walinakili bila aibu pozi kutoka katuni za magazeti za Alex Raymond na Hal Foster, kiasi kwamba kisanduku kizuri kuliko vyote ukurasani huenda ndicho kisichofaa kabisa kwa ushahidi. Wino nao humeza penseli. Mtia wino mwenye mkono mzito anaweza kuwafanya wachoraji watatu wafanane kama watoto wa tumbo moja, na ukadhani umemwona mchoraji kumbe umemwona aliyepita juu yake.

Ndiyo maana napenda kuanzia kwenye herufi. Watu wengi huruka hatua hii, kwa kuwa herufi nzuri ni zile zinazosomwa bila kuonekana. Wakati ule ziliandikwa kwa mkono moja kwa moja juu ya karatasi ya mchoro, kwa kawaida baada ya penseli na kabla ya wino. Mwandika herufi hakutakiwa kumwiga mtu, wala hakuwa na muda wa kujigeuza. Chukua kurasa mbili, weka kando maneno yenyewe, kisha linganisha "S" na "G", tumbo la "R", na alama ya kuuliza: je, imejikunja kama ndoano au imesimama kama mundu? Angalia mkia wa kiputo cha maneno, kama umenyooka hadi mdomoni au umepinda njiani. Angalia herufi ya kwanza ya maelezo, jina la hadithi lilivyojengwa, na milio ya risasi na mabomu ilivyochorwa. Sifa moja pekee haitoshi. Tano zikirudi pamoja ukurasa baada ya ukurasa, unaanza kumwona mtu.

Howard Ferguson ni mfano mzuri. Aliandika herufi kwa Joe Simon na Jack Kirby, wawili walioanzisha Captain America Comics, toleo la kwanza likiwa na tarehe ya Machi 1941 juu ya jalada. Baada ya matoleo 10 wawili hao waliihama kampuni iliyokichapisha kitabu hicho, na wachoraji kama Al Avison na Syd Shores wakaendelea na mhusika kwa kufuata mtindo ulioachwa. Misuli na marukio yanaweza kuigwa. Ukikuta mkono wa Ferguson ukurasani, una sababu ya kuuliza kama kazi ile ilipita karibu na meza ya Simon na Kirby. Ni sababu ya kuuliza tu, maana herufi hukwambia zaidi kuhusu karakana kuliko kuhusu mchoraji.

Mara nyingine herufi hazina mkono kabisa. Kurasa nyingi za Wonder Woman za miaka ya 1940, zilizochorwa na H. G. Peter, ziliandikwa kwa Leroy, kifaa cha wachora ramani za majengo na mashine: pini inafuata mfereji wa herufi kwenye kibao huku kalamu ikiandika pembeni. Herufi zinatoka zimenyooka kama za kwenye ramani ya nyumba. Hapo mwenye kusoma mwandiko hana la kusoma.

Vita vyenyewe viliharibu kalenda. Sprang alianza kuchora Batman mwaka 1941, lakini kurasa zake ziliwekwa akiba, kampuni ikihofia wachoraji wake wangeitwa jeshini, na zikaanza kutoka mwaka 1943. Simon na Kirby nao waliacha akiba ya hadithi kabla ya kuondoka. Kwa hiyo kusema "huyu hawezi kuwa amechora hiki, alikuwa vitani" si hoja iliyokamilika. Mwezi ulio juu ya jalada ni wa kuuzia, si wa kuchorea.

Upande wa pili, vita vilifungua milango. Wanaume walipoondoka, Fiction House iliwapa kazi wanawake kadhaa. Lily Renée, binti wa Kiyahudi aliyewakimbia Wanazi kutoka Vienna, alianza kwa kufuta penseli na kuchora mandhari ya nyuma, kisha akakabidhiwa hadithi za mhusika Señorita Rio. Alitia saini "L. Renée", na wasomaji wakamwandikia barua wakidhani ni bwana. Hapa jina lilikuwepo, na bado hakuna aliyemjua mwenye mkono.

Jicho peke yake lina kikomo, na hapo ndipo karatasi na watu huingia: daftari za malipo, barua, kurasa halisi zenye maandishi pembeni, na wasanii wenyewe. Jerry Bails na Hames Ware waliwaandikia wasanii na kukusanya majibu yao katika kitabu cha majuzuu manne kilichotoka kati ya 1973 na 1976. Lakini mtu aliyechora maelfu ya kurasa anaweza kudai ukurasa wa jirani yake kuwa wake miaka 30 baadaye, tena kwa nia safi kabisa.

Grand Comics Database, kanzidata ya kujitolea iliyoanza mwaka 1994, ina adabu ninayoipenda: jina likiwa la kukisia, linafuatwa na alama ya kuuliza, na pasipo na la kukisia hubaki alama hiyo peke yake. Fungua toleo lolote la miaka ya vita, ushuke hadi mstari wa herufi. Mara nyingi utakuta "?", bila jina.