Ukiulizwa maswali famasi usikasirike, ndo huduma yenyewe

Wengi wakifika kaunta wanakuwa washajiamulia, nipe dawa ya mafua na paracetamol niende zangu, ukianza kuuliza ni ya nani, ameanza lini, kuna dawa nyingine anatumia, anaona unamchelewesha. Jamani hatuulizi kwa umbea, kazi yetu ni hiyo hasa, kutoa boksi kwenye shelfu yeyote anaweza.

Chukua huyohuyo wa mafua. Vidonge vingi vya mafua vya mchanganyiko vina paracetamol ndani tayari, sasa kama kila kimoja kina miligramu 500 na yeye anameza viwili vya mafua na viwili vya maumivu kwa pamoja, hiyo ni gramu 2 kwa mpigo, na kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24. Akirudia mara tatu kwa siku kashapitiliza, na ini likiumia siku ya kwanza unaweza usisikie kitu kabisa. Mimi huwa nageuza boksi namwonyesha kwa kidole yale maandishi madogo, ona hapa mama, ni dawa ileile. Hapo anaelewa haraka kuliko nikimpa lekcha.

Presha nayo, usitufiche. Dawa za kumeza za kuzibua pua kama pseudoephedrine zinabana mishipa ya damu na presha inaweza kupanda, wewe niambie tu nikupe hata maji ya chumvi ya kusafishia pua. Ibuprofen pia, mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo au mjamzito sikupi hivihivi.

Antibayotiki ndo ugomvi wetu wa kila siku. Mafua ni virusi, antibayotiki haiui virusi, kwa hiyo nikikataa sio roho mbaya, ningekupa ungeishia kuharisha bure na kuwafundisha bakteria usugu, yaani wazoee dawa isiwaue tena.

Mtoto anayeharisha ndo nakaa naye zaidi. ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kurudisha maji mwilini, kidogokidogo kwa kijiko, akitapika subiri kama dakika 10 uendelee taratibu, na zinki siku 10 mpaka 14, miligramu 20 kwa siku kwa wa miezi sita na kuendelea, 10 kwa mdogo zaidi, na umalize hata kama kaacha kuharisha maana wengi wanaacha kumpa zinki siku ya tatu. Ila nikisikia kuna damu kwenye choo, macho yameingia ndani, hataki kunywa au amelegea, hapo siuzi dawa ya kuharisha, nakwambia hospitali sasa hivi.

Na kama ni fangasi za sehemu za siri, bawasiri, kitu chochote unachoona aibu kukisema mbele ya foleni, sema tu naomba tuongee pembeni, tumezoea na tutakusogeza. Dawa unazotumia nyumbani njoo nazo au zipige picha boksi zake, jina lisomeke.