Samaki mkubwa humla mdogo: msemo huu ulitoka wapi?

Duka kubwa likifunguliwa mtaani na vibanda vya jirani vikaanza kufungwa kimoja kimoja, hakosi mtu wa kusema, "Ndiyo hivyo, samaki mkubwa humla mdogo." Maana yake ni kwamba pasipo na wa kumzuia, mwenye nguvu atammeza mnyonge. Siku hizi msemo huu hutumika kufunga mazungumzo, kana kwamba hakuna la kufanya. Waliouandika zamani waliutumia kudai kitu.

Huko India wazo hili huitwa matsyanyaya, yaani kanuni ya samaki. Kitabu kitakatifu cha kale, Shatapatha Brahmana, kinasimulia kwamba Manu, baba wa wanadamu katika masimulizi ya Kihindu, alikuwa akinawa mikono, samaki mdogo akaingia viganjani mwake. Samaki akamwomba amlinde mpaka akue, maana samaki hulana wao kwa wao. Manu akamweka kwenye chungu, kisha shimoni, hatimaye akampeleka baharini. Gharika ilipokuja, samaki yule ndiye aliyeivuta merikebu ya Manu.

Takriban miaka 2,000 iliyopita, Arthashastra, kitabu cha utawala kinachohusishwa na Kautilya, mshauri wa mfalme wa kale, kilimtumia samaki huyohuyo kutetea dola: asipokuwepo mwenye fimbo ya adhabu, mwenye nguvu humeza dhaifu. Kinaeleza kwamba watu walipochoshwa na hali hiyo walimfanya Manu kuwa mfalme, wakakubali kumpa sehemu moja ya sita ya nafaka na moja ya kumi ya bidhaa. Hoja tamu sana hiyo, hasa kwa mkusanya kodi! Hata Bengali, mashariki mwa India, bamba la shaba la mfalme Dharmapala linadai kwamba baba yake, Gopala, alipewa ufalme katika karne ya 8 ili kukomesha kanuni ya samaki.

Wayahudi nao walifika palepale kwa njia yao. Nabii Habakuki alimlalamikia Mungu kwamba amewafanya watu kama samaki wa baharini, wasio na mtawala. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya Kiyahudi, wanazuoni wakafafanua: samaki mkubwa humeza mdogo, na wanadamu wangefanya vivyo hivyo lau si hofu ya serikali.

Ulaya, picha iliyoutangaza msemo huu ilichorwa na mchoraji Pieter Bruegel mwaka 1556, ikachapishwa Antwerp, mji wa Ubelgiji ya leo, mwaka uliofuata. Jitu la samaki limelala ufukweni, mtu analipasua tumbo kwa kisu kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Tumboni na mdomoni wanamwagika samaki, na baadhi yao wana samaki wengine vinywani. Pembeni samaki mwenye miguu ya binadamu anajiendea na kitoweo chake. Ndani ya mashua, baba anamwonyesha mwanawe, na maandishi ya chini yanasema: tazama mwanangu, hili nimelijua tangu zamani sana. Mfalme hayumo humu. Ila mlaji mkuu ndiye aliyepasuliwa, jambo ambalo wanaounukuu msemo huu husahau.

Methali za Kiswahili zina njia nyingine za kulisema jambo hili. "Mwenye nguvu mpishe" ni ushauri wa kujiokoa, basi. "Wapiganapo fahali wawili, nyasi huumia" inagusa pengine, kwa sababu fahali hawana hata haja na nyasi zile, wanazikanyaga tu. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru" inawageuzia kibao wanyonge wenyewe: mkigombana, mmemwandalia adui chakula.

Tofauti na hizo ni "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni," inayomsemesha mwenye nguvu uso kwa uso, tena kwa kumwamuru. Lakini siku hizi utaisikia zaidi kwa mashabiki wa mpira wanapolazimika kukiri kwamba mpinzani amecheza vizuri.