Kombati za jeshi mtaani: nani anavaa, anavaaje, na ukiwa nayo kabatini ufanye nini

Ndugu zangu, wiki hizi simu zimekuwa nyingi na karibu zote ni swali lile lile, "afande, mwanangu kakamatwa na kaptula ya mabaka, kwani kosa lake nini?" Nimeona niandike hapa mara moja maana kumjibu mmoja mmoja nimeshindwa. Najua wengi wenu hamna nia mbaya, mtu kaona suruali imekaa vizuri, ina mifuko mingi, bei poa, kanunua. Sawa.

Ila kuna jambo linanichosha kidogo. Tarehe 24 Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku 7 watu wasalimishe mavazi ya kijeshi na yale yanayofanana nayo, makambini, vituo vya polisi au ofisi za serikali za mitaa. Leo mtu ananiambia eti lile tangazo si lilishapita. Jamani, zile siku 7 ndo zilipita! Zilikuwa nafasi ya kusalimisha kabla hatua hazijaanza kuchukuliwa, katazo lenyewe lilikuwepo miaka mingi kabla ya hapo na bado lipo.

Lipo wapi? Kifungu cha 178 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Nakieleza taratibu maana hapa ndipo watu wanapotea. Kosa la kwanza ni kuvaa tu, wewe ambaye haumo jeshini wala polisi, na hakisemi sare halisi peke yake, kinataja na vazi lenye mwonekano wa sare au lenye alama zake, kwa hiyo ile "hii siyo ya kwetu afande, ni ya Marekani" haikusaidii kama mtu akikuona kwa mbali anaona mwanajeshi. Kosa la pili ni kuvaa kwa namna ya kuidhalilisha sare, na hapo anaingia na aliyekuajiri uvae, mfano mwenye baa anayewavalisha wahudumu kombati wikiendi ili wateja wafurahi. La tatu ni kuingiza au kuuza, au hata kuwa nazo kwa ajili ya kuuza, na hili adhabu yake ni kubwa kuliko hizo mbili. Halafu nguo yenyewe inachukuliwa, hurudishiwi, hata ulete risiti. Na ukivaa ukamwambia mtu wewe ni afande ukala hela yake, hayo ni mashtaka mengine yanayokuja juu ya hayo: kujifanya mtumishi wa umma, na kujipatia mali kwa udanganyifu. Nimeshaona faili la mtu aliyeanza na kofia tu likaishia na makosa matatu.

Wasanii nao wanasema sheria inawaruhusu. Ni kweli, michezo ya jukwaani imetajwa kabisa kwenye kifungu hicho hicho. Lakini ruhusa inahusu maigizo, haihusu wewe kupanda bodaboda saa sita usiku kurudi nyumbani bado umevaa kombati na nyota begani kwa sababu umechoka kubadilisha. Badilisha pale pale. Na kabla ya kurekodi liandikie jeshi barua mapema, taja tarehe, eneo, sare ngapi na nani anazitunza, polisi wa eneo hilo nao wapate nakala, maana watu wakiona vijana kumi wenye bunduki za mbao wanakimbia mtaani hawatajua kama ni video.

Sasa na sisi tuliovalishwa kihalali, tusijifanye wasafi. Kijana kombati juu, jinsi chini. Mwingine kavaa kamili ila miguuni yebo. Ukivaa sare vaa yote, vifungo vimefungwa, kamba za buti zimefungwa, kofia kichwani ukiwa nje na siyo imekunjwa mfuko wa nyuma kama leso ya kondakta, halafu unakutana na mkubwa wako unataka kupiga saluti kichwa wazi! Mikono isikae mfukoni. Kwenye baa usiingie na sare, hata kama unakunywa soda tu, anayekuona haioni soda, anaona jeshi limekaa baa. Na usimwazime mdogo wako akapige picha ya harusi. Ile nguo ulipewa stoo kwa saini yako, ni mali ya serikali, ikionekana mahali pabaya anatafutwa aliyesaini. Nyumbani pia mwambie shemeji yetu asiianike kamba ya nje ikalala usiku kucha. Ikiibiwa toa taarifa kikosini siku hiyo hiyo na uende polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, usisubiri siku ya ukaguzi.

Wastaafu, nawaheshimu sana wazee wangu, ila sare inarudishwa. Nishani zako ni zako, siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai zivae kwenye koti la suti, unapendeza na hakuna atakayekuuliza.

Kwa aliye nayo ndani sasa hivi, usiichome na usimpe mtu. Fua ukipenda, kunja, weka kwenye mfuko usioonyesha ndani, nenda kwa mtendaji au mwenyekiti wa mtaa, au kituo cha polisi kilicho karibu. Sema umekuja kusalimisha, taja umeipata wapi, hakikisha jina lako na idadi ya nguo vimeandikwa, uombe karatasi kidogo yenye tarehe na mhuri. Kama unaogopa kwenda peke yako mchukue mjumbe wako. Viatu, mabegi na kofia vinahesabika pia, na vile vigauni vya mabaka vya watoto msivinunue, naulizwa hilo kila siku.

Na tafadhali usiivae wakati unaileta. Nasema kwa sababu juzi kuna baba alikuja na mfuko wa suruali 4, kazikunja vizuri kabisa, anatabasamu, na kichwani kavaa kofia yake ya mabaka. Nikamwuliza na hii je? Akasema hii ya jua tu afande.